Kampuni Haina Shangazi

Roswitha Kehrle alinunua viatu kwa ajili ya kampuni. Vilikuwa vyeusi, vya ngozi, vyenye kisigino kifupi, na kwa mwanamke aliyekaa maisha yake yote nyuma ya kaunta na makubazi ya mpira, kununua viatu vya namna hiyo kulikuwa ni kujitangaza. Lauchstetten ni mji mdogo na mwenye duka la viatu hana siri. Hata kabla Jumamosi haijaisha, mji mzima ulikwishajua kwamba Rosi wa mkate anaingia kwenye kampuni ya kaka yake, na kwamba Jumanne anakwenda kwa notari, mwanasheria wa kuthibitisha hati, kutia saini. Watu wakampongeza. Wengine walimpongeza huku wakijua ukweli, na hao ndio waliompongeza kwa sauti kubwa zaidi.

Duka la mkate la Kehrle lilikuwa limetazamana na kanisa. Mzee Kehrle alipoona mikono yake haiwezi tena kukanda, alikwenda kwa notari akagawa alichokuwa nacho, na aliporudi alijiona mtu mkarimu sana. Nyumba, tanuri na jina vilikwenda kwa Volkmar, mwanawe wa kiume. Roswitha alipata chumba. Hata chumba chenyewe hakupata. Alichopata ni haki ya kukaa ndani yake, kile kilicho juu ya tanuri, mpaka afe au mpaka aolewe, na haki hiyo ikaandikwa kwenye daftari la ardhi la serikali ili asije mtu akamtoa.

Mara moja tu alikaribia kuolewa. Dereva wa lori la unga alimpenda, akawa anashusha magunia taratibu kuliko ilivyohitajika, na mwishowe akasema lile la kusema. Volkmar hakumkatalia dada yake. Alimwambia tu, "Olewa, nani anakuzuia? Ila ukitoka hapa chumba kimekwenda, hilo unalijua." Roswitha akaomba wiki ya kufikiri, kisha wiki nyingine. Dereva akapangiwa njia nyingine, au aliomba mwenyewe apangiwe, na unga ukaanza kuletwa na mzee mmoja mwenye kikohozi.

Basi akabaki. Aliamka kabla ya ndege, akapanga mikate ya asubuhi kwenye vikapu, akachovya brezeli, ule mkate wetu wa fundo, kwenye maji ya magadi mpaka ngozi ya vidole ikamwisha. Kisha alivaa aproni safi na kusimama kaunta hadi jioni. Volkmar hakuwahi kumwambia asante, naye Roswitha hakuwahi kuingoja. Huku kwetu shukrani husemwa msibani.

Kampuni ililetwa na hofu. Karibu na mzunguko wa barabara, nje ya mji, palifunguliwa duka kubwa linalouza kila kitu, na mkate wake ulikuwa rahisi kuliko hata unga wa Volkmar. Jochen, mwana wa pekee wa Volkmar, alirudi kutoka Stuttgart na cheti cha ufundi mkuu na maneno mengi. Na mshauri wa kodi, ambaye kazi yake ni kuwatisha watu kwa adabu, akamwambia Volkmar, "Ukiendelea hivi kwa jina lako mwenyewe, siku ukianguka watakufuata mpaka kitandani. Fungua kampuni yenye dhima ya kikomo. Hiyo ikianguka, inaanguka yenyewe. Wewe unabaki umesimama."

Maneno hayo yalimkaa Volkmar vizuri kama kofia. Aliyarudia kilabuni, akayarudia kanisani wakati wa kutoka. Kuanguka bila kuanguka! Mtu aliyeishi miaka sitini akiogopa kila bahasha alionekana sasa akitembea kifua mbele.

Habari ilimfikia Roswitha mezani, siku ya dengu chachu na tambi.

"Jumanne asubuhi duka tutalifunga," Volkmar alisema, bila kuinua macho. "Tunakwenda kwa notari kuifungua kampuni. Nawe Rosi utakuja."

"Mimi?"

"Saini yako inatakiwa."

"Yangu mimi?"

"Si nimeshasema? Chukua na kitambulisho."

Jochen aliacha kutafuna. Alimtazama baba yake, akamtazama shangazi yake, kisha akarudi kwenye dengu zake. Roswitha aliyaona yote hayo, na kwa furaha yake akadhani kijana anamwonea haya kwa heshima mpya aliyopewa.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na ni kosa letu sisi wa huku. Mtu wa pwani angeuliza, mtu wa mjini angeuliza: saini ya nini, kwenye karatasi gani, nami napata nini? Sisi hatuulizi. Kumuuliza ndugu yako namna hiyo ni kumwambia mwizi. Tena kuna sheria inayotulea vibaya. Notari haruhusiwi kumpa mtu kalamu mpaka amemsomea hati yote kwa sauti, neno kwa neno, toka mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo mtu hukaa akajiambia, nitayasikia siku hiyo, nihangaike ya nini sasa. Roswitha alikaa akajiambia hivyo hivyo, akaenda kununua viatu.

Dukani mambo yalinoga. Bi Angstenberger, mke wa mzika maiti, mwanamke asiyekosa habari, aliegemea kaunta na kikapu chake.

"Sasa Rosi, kuanzia Jumanne tukuite Bi Mkurugenzi?"

"Acha masihara yako. Mbia tu."

"Mbia! Basi brezeli zitapanda bei."

"Kwako wewe zitapanda. Wengine nitawaonea huruma."

Watu kwenye foleni walicheka, na Roswitha akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya aproni. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Volkmar alikuwa amesimama hapo na sinia la mikate ya moto. Alisikia kila neno. Aliweka sinia juu ya rafu, akapangusa mikono, akarudi kwenye tanuri lake. Mdomo alikuwa nao.

Jumanne wakaenda. Ofisi ya Notari Haug iko ghorofani juu ya benki, na Roswitha alipanda ngazi nyuma ya wenzake kwa sababu ya viatu. Notari alikuwa mteja wao. Kila Jumamosi alichukua mkate mweusi, na Roswitha alimchagulia ulioungua kidogo chini, kama alivyopenda. Siku hiyo alimpa mkono, akamwita Bi Kehrle, akamwonyesha kiti. Viti viwili vilikuwa mbele ya meza na kimoja pembeni. Wanaume walikuwa wameshakaa mbele. Roswitha akakaa pembeni, akaweka mkoba mapajani na kitambulisho juu ya mkoba, tayari.

Notari alianza kusoma. Waliowahi kukaa kwenye kile kiti wanajua anavyosoma: haraka, kwa sauti moja, kama padri anayewahi chakula. Watu wengi hapo hutazama picha ukutani. Volkmar alitazama picha. Jochen alitazama kucha zake. Roswitha peke yake ndiye aliyesikiliza, kwa sababu alikuwa akingoja jina lake.

Alisikia jina la Volkmar, tarehe yake ya kuzaliwa na anwani. Alisikia la Jochen. Akajiweka sawa kitini. Badala ya jina la tatu likaja jina la kampuni, na mahali ilipo, na kazi yake: kuoka na kuuza mkate na vitu vinavyofanana na mkate. Akajituliza kwamba labda wanaume hutajwa kwanza, wanawake baadaye, kama kwenye matangazo ya msiba. Kisha zikaja hisa. Baba, sitini kwa mia. Mwana, arobaini kwa mia.

Roswitha alikuwa amerudisha chenji maisha yake yote. Sitini na arobaini alizijua. Alijua hapo hakuna kinachobaki.

Sauti ya notari iliendelea. Wakurugenzi ni wawili, kila mmoja anaweza kutia saini peke yake. Mwaka wa hesabu unaanza Januari. Mbia akifa, hisa zake zinakwenda kwa warithi. Roswitha aliona uso wake mwenyewe kwenye kioo cha kabati la vitabu, umetabasamu bado, kwa kuwa hakuna aliyeuambia uache.

Notari aliweka karatasi hizo kando, akavuta nyingine, nyembamba, na hapo ndipo jina lake likaja, lote zima kama lilivyobatizwa: Roswitha Maria Kehrle, asiyeolewa. Akainua kichwa. Notari akasoma kwamba aliyetajwa anakubali, na anaomba, haki yake ya kukaa kwenye chumba cha ghorofa ya pili ifutwe kwenye daftari la ardhi. Bila malipo.

Notari aliacha kusoma. Sheria inamtaka aulize, naye ni mtu wa sheria.

"Bi Kehrle, hili umelielewa?"

"Niambie kwa maneno ya watu, Bwana Notari."

"Maana yake, chumba hakitakuwa tena haki yako. Utakaa hapo kwa hiari ya mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni mimi," Volkmar alisema. "Kwani nani anakufukuza? Utakaa kama ulivyokaa."

"Kama nitakaa kama nilivyokaa, inafutwa ya nini?"

"Ni benki hiyo. Wanatukopesha kwa dhamana ya nyumba, na hawataki nyumba yenye mtu ndani yake."

"Shangazi," Jochen alisema, na alisema kwa upole, hilo tumpe, "ngazi zile si za umri wako tena. Kule kwenye nyumba za wazee, nyuma ya hospitali, kuna lifti. Kuna na chumba cha kuchezea karata. Nimeshauliza."

"Umeshauliza."

"Nimeuliza tu."

Roswitha alimgeukia kaka yake. "Na kwenye kampuni, mimi niko wapi?"

Volkmar alicheka. Hakikuwa kicheko cha ubaya. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyeombwa bia na mtoto mdogo. "Wewe? Kwenye kampuni? Rosi, wewe ni wa kaunta."

"Nimewaambia watu."

"Nilikusikia ukiwaambia."

"Ulinisikia?"

"Si nilikuwa nyuma yako na sinia? Nikasema, mwache afurahi mpaka Jumanne."

Notari alishusha macho kwenye karatasi yake. Kuna maneno ambayo hata mtu anayelipwa kusikiliza hapendi kuyasikia. Roswitha alifungua mkoba, akarudisha kitambulisho ndani, akafunga.

"Hapana," alimwambia notari.

"Usinitie aibu mbele ya Bwana Notari," Volkmar alisema.

"Hapana."

"Shangazi, fikiria ukoo."

Notari akavuta ile karatasi nyembamba, akaiweka chini ya nyingine. "Basi hii haitiwi saini," alisema. "Bi Kehrle ana haki ya kukataa. Kampuni yenyewe inaweza kufunguliwa bila yeye."

Ikafunguliwa bila yeye. Baba alisaini, mwana akasaini, notari akagonga muhuri. Roswitha alikaa pale pembeni mpaka mwisho, kwa sababu hakujua kama inaruhusiwa kuondoka. Walirudi kwa miguu, na mbele ya duka palikuwa na foleni. Roswitha akavua koti akavaa aproni. "Hongera, Rosi!" alisema wa kwanza. "Asante," akasema Roswitha. Alisema asante mpaka saa ya kufunga.

Tangu hapo Volkmar hakusema naye. Sisi huku kununiana ni ufundi kama ufundi mwingine, na Volkmar alikuwa bingwa. Alipitisha maneno yake kwa Heidrun mkewe, au kwa hewa. "Kuna mtu amesahau kufunga dirisha la stoo," aliiambia hewa. Na kile kibao cha zamu ya kufagia ngazi, ambacho katika kila nyumba ya kwetu huhama kila wiki kutoka mlango mmoja hadi mwingine, kiligoma kuhama. Jumapili Roswitha alikitundika mlangoni kwa kaka yake, Jumatatu akakikuta mlangoni kwake. Akafagia. Alifagia mpaka vuli ikaja na majani yake, akafagia na majani.

Akajiona ameshinda. Ni lazima lisemwe, kwa sababu ndilo lililomuumiza baadaye. Jioni alipanda chumbani, akafunga mlango, akagusa ukuta kwa kiganja, akajiambia, hapa hakuna wa kunitoa. Na kweli hakukuwepo.

Walitoka wao. Benki ilipowanyima mkopo, Jochen alikwenda kwa baba mkwe wake, muuza matrekta, mtu mwenye fedha na asiye na la kuzifanyia. Baba mkwe akaingia kwenye kampuni. Mwezi wa kumi kampuni ilikodi jengo la vioo kule kwenye mzunguko wa barabara, mlango kwa mlango na lile duka kubwa lililokuwa adui. Asubuhi moja Roswitha alishuka akakuta mafundi wanalifungua tanuri na kulitoa kwa vipande. Jochen alikuwa akihesabu skrubu.

"Mnalipeleka wapi?"

"Chuma kinauzwa, shangazi. Kule tuna la umeme."

"Hili ni la babu yako."

"Lilikuwa la baba. Baba ameliingiza kwenye kampuni, sasa ni la kampuni."

"Na kampuni ni nani? Si wewe na baba yako?"

"Hapana. Watu wanachanganya hapo. Kampuni kisheria ni mtu mwingine kabisa. Ana mali yake, ana madeni yake. Mimi namtumikia tu."

"Kaunta ya huko atasimama nani?"

"Tumeshachukua wasichana wawili."

"Mimi je?"

Jochen aliweka skrubu chini. Hakuwa mtu mbaya; walio wabaya hawakupi hata maelezo. "Shangazi, wewe ulikuwa unamfanyia baba. Baba sasa hana duka. Duka ni la kampuni, na kampuni haijakuajiri."

"Baada ya yote haya, mtanifanyia hivi shangazi yenu?"

"Ndiyo ninayokueleza," Jochen alisema, na kwa uso wake alionekana kweli anataka aeleweke. "Kampuni haina shangazi."

Volkmar na Heidrun walihamia kwa Jochen, kwenye nyumba mpya upande wa kusini, yenye sakafu ya joto. Chini pakafungwa. Kwenye kioo cha duka wakabandika karatasi yenye mshale unaoelekea mzunguko wa barabara, na watu wakaufuata mshale. Bi Angstenberger aliufuata wa kwanza. Aliporudi alisema kahawa ya huko ni nzuri na maegesho ni mengi.

Novemba ilikuja na ukungu, Desemba ikaja na theluji, na Roswitha akajua kitu ambacho maisha yake yote hakuwa na haja ya kukijua. Chumba chake hakikuwa na jiko la kuota moto. Hakikuwahi kuwa nalo. Mzee Kehrle alikijenga juu ya tanuri na dohani lake likapita ukutani, na usiku wote tanuri lilipowaka chini ukuta ulikuwa wa moto, kiasi kwamba Roswitha alilala dirisha wazi hata Januari. Sasa ukuta ulikuwa ukuta. Kwanza ulitoa jasho, kisha ukaota barafu nyembamba pembeni mwa dirisha, kwa ndani.

Alinunua kipasha-joto cha umeme. Nyaya zilikuwa za enzi za baba yake. Alipokiwasha, fyuzi ikakatika na nyumba yote ikawa giza. Alibadilisha fyuzi, ikakatika tena. Akamwita fundi, fundi akatazama ukuta akasema lazima nyaya zote zibadilishwe na kwamba kibali ni cha mwenye nyumba. Roswitha akapanda basi mpaka nyumba ya upande wa kusini. Volkmar mwenyewe ndiye aliyefungua mlango, na kwa mara ya kwanza tangu ile Jumanne akasema naye.

"Kule juu kuna baridi," Roswitha alisema.

"Ni majira yake."

"Volkmar, maji kwenye glasi yanaganda."

"Ulitaka haki ya kukaa. Unayo, serikali imeiandika. Kaa."

"Nyaya tu. Nitalipa mwenyewe."

"Nyumba yangu siigusi mpaka niiuze, na kuiuza siwezi. Unajua kwa nini siwezi."

Alifunga mlango polepole, bila kuubamiza. Joto la ndani lilikuwa limeshatoka hadi kwenye uso wa Roswitha, naye alisimama pale kizingitini muda kidogo baada ya mlango kufungwa.

Akaenda kwa yule notari. Akamwomba amtazamie ile hati ya baba yake, kama imeandika jambo lolote kuhusu moto. Notari Haug akaitoa kwenye kabati akaisoma. Chumba kimo. Kutumia jiko la chini kumo. Ngazi, choo, na kupita uani, vimo. Benchi la bustanini wakati wa kiangazi limo, maana mzee alikuwa mtu wa kufikiria mengi.

"Joto halimo," notari alisema. "Nadhani hakuwaza kwamba tanuri linaweza kuzimwa."

"Hakuna sheria?"

"Ipo ya kudai. Unaweza kumshitaki. Itachukua mwaka, pengine miwili, na itabidi uanze kulipa wewe."

"Kumshitaki ndugu yangu," Roswitha alisema, kama mtu anayerudia anwani ili asiisahau. Akashukuru, akaondoka.

Majira hayo Roswitha alionekana kila mahali. Alionekana maktaba akigeuza magazeti na glovu mkononi. Alionekana kanisani siku za kazi, na padri akafurahi. Alikwenda hata kule kwenye mzunguko wa barabara, akanunua kahawa moja, akakaa nayo karibu na tanuri la umeme mpaka ikawa na utando. Siku ya tatu mmoja wa wale wasichana wawili alifuta meza yake, akafuta tena, akamwambia kwa adabu kwamba viti ni vya wateja. Msichana hakumjua ni nani. Wateja walimjua, wakatazama brezeli zao. Kuna waliosema mitaani kwamba Rosi amejitakia: angesaini siku ile, angekuwa kwenye lifti sasa hivi. Walisema hivyo wakiwa wamevaa makoti mazuri.

Februari alishikwa na kikohozi kisichotoka. Akapanda basi tena mpaka upande wa kusini. Volkmar alipofungua, hakumkaribisha.

"Iandikwe ile karatasi, niende kule kwenye lifti," Roswitha alisema.

"Bila malipo," alisema Volkmar.

"Bila malipo."

Wakaenda kwa notari siku ya Ijumaa, wao wawili. Safari hii kiti cha Roswitha kilikuwa mbele. Alikuwa amevaa sweta mbili chini ya koti, na mikono yake ilikuwa imevimba na kuwa myekundu kwenye viungo. Notari aliiona mikono hiyo, akaitazama zaidi ya ilivyo adabu, kisha akachukua karatasi akaanza kusoma kama anavyosoma siku zote.

"Polepole, Bwana Notari," Roswitha alisema.

Notari akaacha. "Kuna neno hujalielewa?"

"Nimeyaelewa yote tangu mara ya kwanza. Ila hapa ndani pana joto. Soma polepole."

Volkmar aliangalia saa yake. "Ni karatasi moja tu hiyo. Kampuni ina mkutano."

Notari Haug alirudi juu kabisa ya ukurasa, na mtu yule ambaye hajawahi kusoma polepole maishani mwake alisoma polepole, jina, kituo, tarehe, kituo, chumba cha ghorofa ya pili. Roswitha alifungua koti kifungo kimoja kimoja, kisha akalivua, akalikunja mapajani. Alikaa amefumba macho. Alipomaliza, notari alimuuliza swali analopaswa kumuuliza kila mtu, kama anatia saini kwa hiari yake mwenyewe, bila kulazimishwa.

"Isome tena," Roswitha alisema.

Volkmar alitoa pumzi kwa pua. Notari akaisoma tena, polepole kuliko mwanzo. Mara ya pili ilipokwisha Roswitha hakuwa na la kuomba tena. Akajibu ndiyo, kwa hiari yangu, akavuta kalamu akasaini, na Volkmar akanyanyuka upesi akamshikia koti ili waondoke.